Jina Lako Katika Wosia wa Ghati

Tata mpendwa,

Hapa Nyamongo wengi walikuita fundi, lakini mimi tangu nikiwa mdogo nilikuita Tata, kama Wakurya wenzetu wanavyomwita baba, na sina sababu ya kubadilisha leo. Nimekalia kiti chako, mbele ya cherehani yako. Ovaroli za vijana wa machimbo zimejaa mezani, zote zimepasuka magotini kama kawaida yao. Zitasubiri. Nina habari yako, na nimeibeba wiki nzima.

Siku tulipokuzika, mzee mmoja jirani aliuliza mbele ya watu, "Huyu tunampeleka kwao wapi?" Mama aliinamisha kichwa. Miaka yote tuliyoishi na wewe hukuwahi kututajia kwenu. Tulijua tu kwamba mama yako, bibi Robi, alifariki ukiwa hujabalehe, na kwamba ulikulia kwa wajomba zako kule Mbalibali. Basi tukakuzika nyuma ya nyumba. Mvua ilinyesha kidogo, watu wakaondoka.

Unakumbuka siku nilipokuta ile karatasi kwenye kopo lako la vifungo? Nilikuwa darasa la sita. Ilikuwa imekunjwa mara nne, ina muhuri wa mahakama, namba ya shauri, na majina mawili: Ghati na Robi. Nilikuuliza Ghati ni nani. Ukainyang'anya, halafu ukajuta kunyang'anya, ukasema taratibu, "Iweke, mwanangu. Hiyo ni kesi ya mama yangu. Kesi haina heshima." Ukarudi kukanyaga cherehani, na siku ile ulishona hadi mgongo ukakataa kunyooka. Sikuuliza tena. Nilielewa kwamba kuna kitu kinakuuma, ingawa sikujua ni kipi.

Baada ya arobaini tulikwenda mahakama ya mwanzo kufungua mirathi yako. Karani, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alisema, "Leteni muhtasari wa kikao cha ukoo." Nikamwambia ukweli: hatuna ukoo wa kukaa kikao. Akaniuliza kama marehemu aliacha karatasi yoyote ya zamani. Nikarudi nyumbani nikafungua kopo la vifungo.

Nilimpelekea karani ile karatasi, nikamwambia ni kesi ya bibi. Alipoiona ile namba alivua miwani, akaivaa tena. "Hii si kesi ya jinai, binti yangu. Hii ni mirathi. Mtu alikufa akaacha wosia."

Jalada lilichukua siku nyingi kupatikana. Lilikuwa katika mahakama nyingine, upande wa Serengeti, chini ya majalada yaliyoanza kuliwa na mchwa. Lilipofunguliwa nilisimama, maana sikuweza kukaa. Wosia ulikuwa ukurasa mmoja, umeandikwa na katekista kwa wino wa bluu, na chini yake alama ya dole gumba. Nimeunakili kwa mkono wangu ili nikusomee:

"Mimi Ghati, mjane wa kijiji cha Nyansurura, sikujaliwa mtoto wa kiume. Nimemwoa Robi kwa ng'ombe wangu mwenyewe, ili nyumba yangu isizimike. Mtoto wake Mwita ni wa nyumba hii. Mtu asimuulize baba yake ni nani. Shamba la mtoni ni lake."

Mwita ni wewe, Tata.

Nyumba ntobu tunazijua sote huku kwetu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anamwoa mwanamke mwenzake, na watoto wanaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Umewashonea nguo watoto wa nyumba hizo. Hukujua kwamba na wewe ni mmoja wao.

Nyuma ya wosia kulikuwa na maelezo ya mama yako mbele ya hakimu. Nilisikia sauti yake kwa mara ya kwanza maishani.

Hakimu: "Mume wako ni nani?"

Robi: "Ghati."

Hakimu: "Ghati ni mwanamke."

Robi: "Ndiye aliyenitolea mahari. Simjui mwingine."

Mahakama ilikubali wosia. Shemeji yake Ghati akateuliwa msimamizi wa mirathi, alitunze shamba mpaka ukue.

Nilikwenda Nyansurura na mdogo wangu. Yule msimamizi alishafariki, tukamkuta mwanawe, Mzee Marwa, mwalimu mstaafu. Tulimwamkia, nikampa fotokopi ya jalada zima niliyopewa mahakamani. Wanawe walisimama karibu, na mmoja akasema, "Hawa wamefuata shamba."

Nikamjibu, "Nimefuata ndugu wa kukaa kikao cha baba yangu. Shamba limeandikwa, halikimbii."

Sikutetemeka, Tata. Ungefurahi.

Mzee Marwa alisoma kwa sauti, kama anawasomea wanafunzi, mpaka akafika kwenye saini ya msimamizi. Hapo akaigusa kwa kidole. Kisha akasema, "Huu ni mwandiko wa baba." Akawaambia wanawe waketi. "Aligombana na Robi. Robi akambeba mtoto mgongoni, akarudi kwao Mbalibali. Baadaye baba alituambia mtoto alikufa. Nimelima shamba la mtu aliye hai."

"Amefariki mwaka huu," nikasema.

Alifunika uso kwa mikono yake. Sikuwa nimejiandaa kumhurumia, lakini nilimhurumia.

Kikao kilikaa Jumamosi iliyofuata. Watu kumi na wanne waliweka saini, na yule kijana aliyetusema alikuwa wa mwisho, akanikabidhi kalamu bila kunitazama. Mzee Marwa alitupeleka mtoni akatuonyesha mpaka wa mikonge. Tumekubaliana avune mahindi yaliyopo, msimu ujao tulime sisi. Kaburi la Ghati liko juu kidogo ya shamba. Mama ameshaamua: mawe ya kulizungushia yatatoka kwetu.

Nina hasira kidogo, nisikudanganye. Ile karatasi uliikunja ukaificha chini ya vifungo, ukaishi na aibu isiyokuwa yako. Ungeuliza tu. Lakini najua ni kwa wajomba ulikofundishwa kutouliza, na najua watoto wao walivyokucheka kwa kukosa baba, maana mama ameniambia mengi wiki hii.

Ulidhani ulikuja duniani kwa bahati mbaya, mtoto ambaye hakuna aliyemngoja. Tata, kabla hujazaliwa mwanamke mmoja alitoa ng'ombe zizini mwake kwa ajili yako. Ulitafutwa.

Pumzika sasa. Kwenu ni Nyansurura.

Mwanao wa kwanza,
mjukuu wa nyumba ya Ghati.