Mwani wa Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi
Mwani umerudi. Juzi tu mume wangu alikwangua kioo cha tangi mpaka jasho likamtoka, leo kijani tupu. Unaning'inia kwenye mawe, unateleza, unanuka kama kitambaa cha deki kilichosahauliwa kwenye ndoo. Na hawa ndio samaki wa maji ya chumvi niliokatazwa kuwaita kitoweo! Wawili tu, rangi ya chungwa, wanaogelea kwenye supu. Profesa — ndivyo ninavyomwita tangu aanze kutazama zile video zake — anasema kosa ni la dirisha. Jua linaingia. Basi tuhame nyumba.

Alhamisi, 6 Machi
Tangi limefunikwa shuka. Shuka langu jipya! Eti mwani ukikosa mwanga utakufa. Mama mkwe, anayeishi nasi tangu mwaka jana, akauliza kuna msiba gani sebuleni. Nilicheka mpaka nikakohoa. Profesa hakucheka.

Jumapili, 9 Machi
Shuka limetolewa. Mwani mzima wa afya. Konokono walioletwa kuula ndio wamekufa. Mtaalamu huyo!

Jumanne, 11 Machi
Fundi wa matangi amekuja. Akachovya kidole, akanusa, akasema mnawalisha kupita kiasi, chakula kinaoza, mwani unafanya karamu. Basi, hivyo tu. Profesa akaapa kwamba analisha asubuhi tu, tena kidogo. Fundi alipotoka, akanigeukia mimi. Mimi! Niliyeapa sitagusa hilo kopo la chakula! Nikamwambia nyani haoni kundule. Tumelala mzungu wa nne.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemjua mlishaji. Afadhali nisingemjua.

Leo sikwenda kazini. Kabla ya chai Mama mkwe aliinuka, akachota chakula kwenye kopo, akawanyunyizia samaki. Ndivyo alivyo siku zote: hatii kitu mdomoni kabla viumbe vya nyumbani havijala. "Aliyefungiwa hawezi kujiombea," husema. Sawa. Akaketi. Akashika kikombe, akatazama tangi, akakiweka chini. "Masikini, hawajala." Akainuka tena, akawalisha. Akaketi. Akainuka tena! Chai ikapoa.

Mwanamke huyu alikuwa fundi cherehani. Vipimo vya mtaa mzima alikuwa navyo kichwani, kiuno changu alikijua kabla yangu. Naogopa. Haya, nimeandika: naogopa. Na mwanawe, mtazama kioo mkuu, haoni kitu. Nimwambieje? Ataanza kutafuta video.

Jumamosi, 15 Machi
Profesa kaficha kopo. Hakumwambia mtu. Anajipongeza mwenyewe, eti kioo kimeanza kung'aa!

Chakula cha mchana kikawa mezani. Mama hali. "Hawa samaki wamekula?" Mwanawe akajibu nimeshawalisha, Mama, wewe kula. Akashukuru, akashika kijiko. Akakiweka. "Hawa samaki wamekula?" Akacheka, yule mjinga — Mama nawe kwa utani! Akauliza tena. Safari hii kicheko kilikatikia njiani. Akauliza tena, na Profesa akanitazama mimi. Si kioo. Mimi.

Akanong'ona, tangu lini?

Nilikuwa na maneno makali, nimeyawekea akiba tangu siku ya shuka. Yote yakanikaukia mdomoni. Nikamwambia mpe mama yako kopo lake, mwani tutakwangua.

Yuko jikoni sasa, namsikia. Anafungua kabati, anafunga, anafungua jingine. Hakumbuki alikolificha. Mama ameketi mbele yangu, ananiuliza naandika nini. Chakula chake kimepoa.