Mji wa Bibi Vera Mezani

Baba, shikamoo.

Huku ughaibuni Burnsville, kwa dada, theluji imefika magotini, ila mimi mzima. Jirani wa dada, Bibi Vera, alikuwa karani wa halmashauri ya mji mdogo huko Urusi. Jana alinipangia mji wote mezani: mkate ukawa ngome ya zamani, kisu kikawa mto, tango la chumvi likawa ofisi ya wilaya. Watawala wote anawataja kwa majina, tangu enzi za wafalme! Mimi, nisionekane sina adabu ya mgeni, nikala tango. Akacheka hadi machozi. "Umeimeza wilaya nzima!" Kisha akauliza, "Na mji wenu ulianzaje?"

Mimi, mtoto wa mtendaji wa kata, nikamwambia itabidi nikuulize wewe.

Nikirudi, nipangie Korogwe mezani. Sitagusa chakula mpaka umalize.

Mwanao, Rehema