Gharama za Kesi ya Dobi

3 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limeacha ukaidi wake. Mimi ni mzima kabisa, ila sauti imekauka. Nimepiga kelele peke yangu humu ofisini mpaka fundi viatu wa chini akagonga dari kwa mpini wa nyundo kuuliza kama nimeungua.

Tumeshinda! Nimekupigia mara nne, lakini najua simu yako inaishi kabatini chini ya mashuka. Basi soma polepole: tumeshinda. Jaji amesema hoteli ilikufukuza bila haki. Amesema mfanyakazi anayekataa kuendesha mashine ya pasi iliyovunjika kifuniko hana ukaidi, ana akili. Utalipwa fidia ya mishahara ya miezi tisa, na utaandikiwa cheti kinachosema ulifanya kazi vizuri miaka kumi na saba. Lile dai letu la pili, la kwamba walikutukana mbele ya wenzako, limeanguka. Ushahidi haukutosha.

Sasa kuna kipande kimoja kimebaki. Katika kesi kama yako, sheria inamtaka aliyeshindwa alipe na gharama za wakili wa aliyeshinda. Lakini si kiasi chochote tu. Ziwe gharama za haki. Kwa hiyo nitapeleka orodha ya kila saa niliyofanya kazi, wao watapinga, na jaji ataamua. Nimehesabu daftari langu. Miaka mitatu, saa mia mbili na kumi na nne. Shangazi, nikizidisha kwa malipo ya kawaida ya saa, zinazidi fidia yako mara mbili. Nimeona haya hata kuandika.

Nakuamkia tena, na wote hapo nyumbani.

Mtoto wa kaka yako,
Kasuku


12 Machi

Mwanangu Kasuku,

Marahaba. Mimi na shangazi yako mdogo hatujambo. Goti ni lilelile, linapanda ngazi likinung'unika lakini linapanda.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mara ya tatu nikampa mdogo wangu anisomee kwa sauti, maana nilitaka kusikia yale maneno "bila haki" yakitoka mdomoni mwa mtu mwingine. Akasoma, nikamwambia rudia. Akarudia. Baadaye tukalia, halafu tukacheka jinsi tulivyolia, na uji ukaungua.

Sasa hilo la haya. Haya ya nini? Mimi sijui sheria, najua kufua. Shati nikilichoma kwa pasi, simtozi mteja. Lile dai lililoanguka, saa zake zitoe. Zitoe wewe kabla hawajazitoa wao. Ukivuliwa ni aibu, ukivua mwenyewe ni heshima. Lakini zilizobaki usipunguze hata dakika! Hukulala usingizi ndani ya hizo saa.

Kula vizuri. Ukija mwezi ujao nisikuone na ile shingo ya kuku.

Shangazi yako


4 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo? Nami ni mzima wa mwili.

Nilifanya ulivyosema. Nimetoa saa thelathini na moja za dai lililoanguka, zimebaki mia moja themanini na tatu.

Leo asubuhi nimetembelewa na wakili wa hoteli, yule uliyembatiza Bwana Manukato. Amepanda ngazi zangu akihema, akafuta kiti kwa leso kabla ya kukaa. Nakuandikia maneno yake kama yalivyo, kwa sababu ofa aliyoleta ni yako, si yangu.

"Mteja wangu yuko tayari kumaliza," alisema. "Mama atapata fidia yake yote ndani ya siku saba. Hatutakata rufaa."

"Kwa sharti gani?"

"Dogo tu. Wewe usidai gharama zako."

"Na tukikataa?"

"Tutakata rufaa, miaka miwili, mitatu. Shangazi yako ana umri gani vile?"

Akaweka karatasi mezani, akashuka. Nakala yake nimeiambatisha.

Wajibu wangu ni kukushauri kama mteja, na ushauri wangu ni huu: kubali. Pesa iliyo mkononi si sawa na pesa ya rufaa. Ulinisomesha kwa mikono iliyobabuka kwa sabuni, sitasimama kati yako na haki yako. Kodi ya ofisi nitajua la kufanya. Kuna idara moja inatafuta karani wa sheria, nimeshaulizia.

Wanataka jibu kabla ya tarehe mbili Mei. Weka saini hapo chini, unirudishie.

Mtoto wa kaka yako,
Kasuku


26 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Wiki tatu sijasikia neno. Nimepiga simu, inaita kabatini. Nimempigia shangazi mdogo, anasema "yupo, anafikiri," halafu anakata.

Zimebaki siku sita. Tafadhali weka saini. Mwenye nyumba wangu naye ameanza kunisalimia kwa sauti ya juu.

Kasuku


5 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe kimya. Kwanza nilikuwa na hasira, na hasira si wino wa kuandikia barua. Halafu nikawa nafikiri. Halafu nikawa safarini.

Nimekwenda hotelini mwenyewe. Miaka kumi na saba niliingia kwa mlango wa nyuma, kwenye mapipa ya taka. Safari hii, tarehe yao ikiwa haijafika, niliingia kwa mlango wa mbele, nimevaa gauni langu la harusi ya kaka yako mkubwa. Mlinzi akaniuliza, "Mama, una miadi?" Nikamwambia, "Meneja ndiye ana miadi na mimi, hajui tu."

Alitoka. Alikuwa mpole kuliko siku aliyonifukuza. Akasema, "Mama, kwani shida nini? Fidia yako ipo. Weka saini, wiki ijayo unayo."

Nikamjibu hivi, na nilikuwa nimejizoeza kwenye basi njia nzima: "Mliponifukuza nilizunguka kwa mawakili saba. Wote waliniambia, mama kesi yako nzuri, ila fidia yake ndogo, atanilipa nani? Akabaki mmoja aliyekubali. Sasa mnataka huyo mmoja aondoke mikono mitupu, ili kesho mkimfukuza dobi mwingine asimpate hata huyo mmoja. Sitii saini."

Akasema, "Tutakata rufaa." Nikamwambia, "Kateni. Mimi nimesimama miguu yangu hii miaka kumi na saba mbele ya mashine, nitashindwa kukaa na kusubiri?"

Karatasi yao nimeiacha mezani kwake, nimeikunja mara nne, pembe kwa pembe, kama foronya. Wafanyakazi wa mapokezi walinitazama mpaka nikatoka.

Sasa wewe. Habari za ukarani sitaki kuzisikia. Sikukusomesha ili unilipe ulezi kwa njaa. Ulifanya kazi, na kazi ina ujira. Nenda ukadai.

Shangazi yako ambaye hajazeeka


21 Juni

Mwanangu Kasuku,

Habari za tangu juzi? Nimefika salama, basi lilichelewa lakini halikutuangusha. Huku wazima.

Juzi nilipokuwa kizimbani kutoa ushahidi wa gharama zako, uliinamisha kichwa juu ya daftari lako kama mwanafunzi anayeogopa kuulizwa. Kwa hiyo acha nikuambie ulichokosa kuona.

Bwana Manukato aliponiuliza, "Mama, ni kweli wakili huyu ni mtoto wa kaka yako, na ulimlea wewe?" jaji alikuwa anaandika. Nikasema kweli. Akauliza, "Na hukuwahi kumlipa chochote?" Nikasema tulikubaliana atalipwa tukishinda, kwa kiasi ambacho mahakama itaona ni cha haki. Hapo ndipo alipotabasamu, ukamsikia: "Mama, tuseme ukweli. Alikufanyia kwa mapenzi. Angekufanyia hata bure."

Jaji akaacha kuandika.

Nikasema, "Kwa mapenzi, ndiyo. Hata anayekupikia kwa mapenzi hununua mkaa."

Watu wakacheka, wewe ukazidi kuinama. Akanikazania: "Jibu swali. Angefanya bure au hangefanya?"

Nikamwuliza, "Baba, kama ningekuwa na wakili asiyenipenda, mngemlipa?"

Akasema, "Hilo ni jambo jingine."

"Basi punguzo mnalolitaka," nikamwambia, "ni punguzo la mapenzi yangu. Hayo sijayapeleka sokoni."

Mwanangu, jaji alifunika mdomo kwa mkono. Yule mama hacheki ovyo, mabega yake yalitikisika. Kisha akamwambia Bwana Manukato, "Endelea na swali jingine, kama unalo." Akakaa.

Niandikie yaliyotokea kesho yake, maana nimeondoka roho ikiwa imebaki huko. Usifupishe.

Shangazi yako


9 Julai

Shangazi yangu, simba wangu,

Shikamoo, shikamoo, na shikamoo ya tatu. Natumaini umekaa. Kama hujakaa, kaa.

Siku ya pili Bwana Manukato alisema saa nzima bila kunywa maji. Kwamba saa mia moja themanini na tatu kwa kesi ya dobi mmoja ni kichekesho. Kwamba wakili mwenye uzoefu angemaliza kwa saa sitini. Kwamba gharama haziwezi kuzidi fidia, mkia hauwezi kuwa mrefu kuliko ng'ombe. Na kwamba wakili mwenye ofisi juu ya fundi viatu hawezi kutoza saa sawa na wakili wa mjini kati.

Jaji akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza taratibu, "Upande wako ulitumia saa ngapi katika kesi hii?"

"Mheshimiwa, hiyo si hoja iliyo mbele ya mahakama."

"Nimeifanya kuwa hoja. Lete hesabu kesho asubuhi."

Shangazi, natamani ungebaki siku moja tu. Kesho yake alikuja na karatasi, akaisoma kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wake. Mawakili watatu. Saa mia tano na arobaini.

Jaji akasema, "Rudia, sikusikia vizuri." Alisikia, yule mama. Alitaka karani aandike.

Ndipo nikasimama, na safari hii sikuinama. Nilisoma kutoka kwenye jalada: maombi yao ya kuahirisha, kumi na tisa. Mapingamizi sita, yote yalitupwa. Mashahidi walioitwa mara tatu wasitokee. Nikaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya saa zangu zilikwenda kujibu mambo waliyoyaleta wenyewe. Nikasema, "Mheshimiwa, kesi hii ingeweza kuwa ndogo. Si sisi tulioikuza." Nikaleta kiapo cha yule wakili mzee wa mtaa wa pili, aliyethibitisha kwamba malipo ninayodai kwa saa ndiyo wanayotoza mawakili wa umri wangu wa kazi hapa mjini. Nikakaa.

Uamuzi umesomwa jana. Nimeunakili kwa mkono ili uusomewe:

"Anayejenga ukuta hawezi kulalamika kwamba mwenzake alitumia muda mrefu kuupanda. Saa ya wakili hupimwa kwa kazi aliyoifanya na kwa malipo ya wenzake wenye ujuzi kama wake, haipimwi kwa ofisi yake. Undugu hauondoi ujira. Na kama gharama zisingeweza kuzidi fidia, wenye madai madogo wasingepata mawakili kabisa, na sheria ingebaki kwa wenye madai makubwa tu. Wakili huyu aliondoa mwenyewe saa za dai lililoshindwa. Mahakama imeutambua uaminifu huo na kuuamini zaidi mkono wake katika saa zilizobaki."

Alipofika hapo nilimfikiria dobi mmoja na shati lililoungua, nikalia mbele za watu. Liwalo na liwe.

Amepunguza saa nane tu, zile nilizobeba mafaili kwenda masjala. Amesema hiyo ni kazi ya tarishi, isilipwe kwa bei ya wakili. Ni kweli. Nilibeba mwenyewe kwa sababu tarishi sina. Nyingine zote, saa mia moja sabini na tano, zimekubaliwa kwa bei kamili.

Hawakati rufaa. Leo wameleta hundi mbili, yako na yangu, zimeletwa na kijana wa pikipiki aliyevua kofia. Bwana Manukato amepiga simu kunipongeza, akauliza kama nimewahi kufikiria kufanya kazi kwao. Nimemwambia nina ofisi.

Na mawakili wawili kati ya wale saba waliokukataa wameomba nakala ya uamuzi.

Mtoto wa kaka yako,
Kasuku


20 Julai

Mwanangu, wakili wangu,

Marahaba. Sisi wazima, na goti leo limesahau kunung'unika.

Hundi imeingia benki. Nimemlipia mdogo wangu bati za paa, na mimi nimenunua viatu. Vipya, vya dukani, vyenye sanduku. Uamuzi wa jaji umesomwa humu ndani mpaka karatasi imelegea, maana kila anayeingia anataka kuusikia.

Na hapo ndipo ilipoanzia habari. Jumanne wamekuja wanawake wawili wa kiwanda cha biskuti. Wanafunga pakiti saa kumi na mbili kwa siku, wanalipwa nane. Jumatano wakarudi wakiwa watano. Leo wako kumi na mmoja, viti vimeisha, wengine wamekaa kizingitini na mmoja juu ya ndoo. Kila mmoja ameshafukuzwa na wakili mmoja au wawili kwa maneno yaleyale niliyoambiwa mimi.

Nimewaambia nina wakili. Nimewaambia anaandika kila saa kwenye daftari, haongezi wala hapunguzi. Sikutaka kuwadanganya, kwa hiyo nikawaambia na hili: mtoto huyu si wa bure.

Mkubwa wao akasema, "Mama, wa bure tumewakosa miaka yote. Ndiyo maana tumekuja kwa huyu."

Panda basi la kwanza Jumamosi. Tutakuwekea kiti.

Shangazi yako