Kwa Méthode, Mwenye Rafu ya Mipira

Mwaka umetimia, Méthode, tangu mwezi ule wa tisa ulipotutoka ukiwa peke yako hospitalini, huku sisi tumefungiwa majumbani, kila mtu na simu yake mkononi. Sisi Warundi wenzako wa hapa Sydney, Australia, tunakuandikia kwa Kiswahili, si kwa Kirundi, ili jirani zetu Wakenya na Wakongo nao wasome. Ulikuwa mtu wao pia.

Kwa wale wasiokujua, ulikuwa mtunza uwanja. Ulisawazisha udongo mwekundu wa uwanja wa besiboli karibu na kwako Doonside, ukachora mistari ya chokaa, ukaokota mipira iliyopotelea majanini. Mchezo wenyewe ulijaribu kutueleza mara nyingi, nasi tuliitikia kwa adabu tu. Ulikuwa mpole kupita kiasi. Mtu akikukanyaga, wewe ndiye uliyeomba radhi. Chai yako uliinywa imepoa, kwa sababu kila ukiketi nayo kulikuwa na mgeni wa kuinukiwa. Ubishi wako wote uliuweka mahali pamoja, kwenye rafu yako.

Rafu hiyo ilikuwa sebuleni, juu ya televisheni, pale ambapo wenzako huweka picha ya harusi. Picha ya harusi uliihamishia chumbani. Mahali pake ulipanga mipira yenye sahihi za wachezaji, gongo la kupigia mpira lililopasuka katikati, kofia yenye mstari mweupe wa chumvi ya jasho, glavu iliyotoboka kidole. Kila kitu kilikuwa na kikadi chake kwa mwandiko wako: nani alikitumia, katika mechi gani, na nani alishuhudia. Kitu kipya hukukitaka. Mdogo wako Lazare aliwahi kukuletea kutoka Minto mpira mzuri ambao haujatoka hata kwenye sanduku lake. Ulimshukuru vizuri, kisha ukawapa watoto wakauchezee. Ulisema mpira hauna habari yoyote mpaka uumie kwanza.

Mkeo Goreth aliviita vyote mitumba, na hakukuficha. Alisema watu wamevuka bahari kuikimbia mitumba, wewe umeifuata mpaka huku na kuiwashia taa. Ulicheka, ukamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alikupendea ndani ya mtumba: ile jezi nzito ya vifungo uliyoipata kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, ya timu ya besiboli tusiyoijua, yenye jina la mtu mgongoni na kiraka kwenye kiwiko. Wakati huo hukujua besiboli ni nini. Ulikaa tu ukiwaza mtu yule alianguka vipi hata akachana kiwiko, na ni nani aliyemshonea. Hapo ndipo maradhi yako yalipoanzia. Jezi ile uliilalia miaka yote, ikachakaa, ikabaki na vifungo vya kuhesabu, lakini kwenye rafu hukuipandisha. Ulisema haina shahidi.

Sheria ya rafu ilikuwa moja. Kilichochezewa hakifuliwi, hakisuguliwi, hakipanguswi. Udongo wa siku ile na jasho la siku ile ndivyo ulivyovitafuta, kitu chenyewe kilikuwa cha kuvibebea tu. Zamani Goreth aliwahi kuifua kofia mojawapo kwa nia njema, na siku hiyo hukula chakula cha jioni. Hukugomba, hukula tu. Afadhali ungegomba, kwa sababu sahani ile Goreth hakuisahau.

Halafu ukaja mwezi wa nane wa mwaka 2021. Sydney yote ilifungwa kwa ajili ya korona, lakini upande wetu wa magharibi ulifungwa zaidi, helikopta za polisi zikazunguka juu ya paa zetu kana kwamba tumeiba kitu. Goreth husafisha nyumba ya wazee huko Lidcombe, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kwenda kazini. Nani aliuleta ugonjwa nyumbani hatujui, na tulikubaliana zamani kwamba hatutauliza. Ulianza kukohoa, ukajifungia chumbani. Goreth akawa anakuwekea chai kwenye kigoda mlangoni na kurudi nyuma.

Asubuhi ambulansi ilipokuja, kikohozi kilikushika na kikombe mkononi, ukajimwagia chai kifuani. Ulitoka hivyo hivyo, na jezi yako ya kulalia, na doa bichi, ukimwomba Goreth radhi kwa chai yake uliyoimwaga. Hayo ndiyo maneno ya mwisho uliyomwambia bila simu katikati.

Siku hiyo hiyo alianza kusafisha. Kazini walimfundisha kwamba kilichoguswa kinapanguswa, na katika sebule ile hapakuwa na kitu ambacho mikono yako haikukigusa. Watoto wenu, Elvire na mdogo wake Révérien, walikuwa kwenye sofa wamejifunika blanketi moja, wakimtazama. Alianza na vitasa, akaja kwenye swichi, rimoti na meza. Rafu aliiacha mwisho. Mpira wa kwanza kuuchukua ulikuwa wa Rufus, yule mrushaji mzee wa timu ya hapo uwanjani, aliokupa siku alipostaafu mchezo. Kitambaa chenye spiriti kilipopita juu yake, wino wa buluu ulitoka wote. Goreth akasimama. Akawatazama watoto. Kisha akaendelea, mpira baada ya mpira, kwa sababu kirusi hakijui sahihi ya mtu. Kofia na glavu alizitia kwenye maji ya moto na sabuni. Gongo alilisugua mpaka alama za mikono zikatoka. Alipomaliza, rafu ilikuwa inanuka hospitali, na vikadi vyako vilisimama mbele ya mipira myeupe isiyokuwa ya mtu yeyote.

Sote tulioingia nyumba ile baadaye tuliona. Tuliamini kwamba ni wewe peke yako ambaye hukujua.

Hospitalini ulimpata Jepchumba, muuguzi Mkenya, aliyekushikia simu na kusema nawe Kiswahili. Mungu ambariki popote alipo. Kila ulipozungumza na Goreth ulimalizia kwa ombi lile lile, akuonyeshe rafu yako kidogo. Na yeye kila mara alikuwa na la kusema. Chaji inaisha. Taa ya sebuleni imeungua. Révérien amelala pale, asiamshwe. Aligeuza simu ukaona dari, aligeuza tena ukaona uso wake. Moyoni alikuwa amepanga kwamba ukirudi atakuketisha, atakueleza, utanuna, utaiacha sahani yako mezani, na mambo yatapita. Aliitamani sahani hiyo kuliko kitu kingine chochote.

Kisha siku moja hukuomba rafu. Siku iliyofuata pia hukuomba. Ulimuuliza amekula nini, ukamwambia asogeze uso karibu na simu. Goreth alimshukuru Mungu kwamba homa imekusahaulisha. Hazikupita siku nyingi, madaktari wakakulaza usingizi wa mashine, na hukuamka.

Walituruhusu watu kumi kaburini. Jeneza lilikuwa limefungwa. Hakuna aliyekuosha, hakuna aliyekuvisha, hakuna hata aliyekushika mkono. Wengine tulitazama kwenye simu, na mtandao ulikatika mchanga ulipoanza kumwagwa. Tunaliandika hili kwa hasira, na hasira yetu haina wa kumwangukia. Goreth alikabidhiwa vitu vyako ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Aliuweka gereji, juu ya mashine ya kukatia majani, na mwaka mzima hakuugusa.

Jumamosi iliyopita tulikusanyika kwako kuondoa matanga, kuganduka, kama tunavyosema kwetu. Safari hii hakuna aliyetuhesabu mlangoni. Rufus alikuja na maua, akasimama kando na kalamu mfukoni, na alipopata nafasi akamnong'oneza Goreth kwamba angeweza kuutia sahihi tena mpira wako. Goreth alimshukuru, akakataa. Alisema wewe ungeitambua kuwa ni mpya.

Uani akina mama walikuwa wamepanga mabeseni, wakiongozwa na Verdiane, mkubwa wa jumuiya yetu, ambaye tangu tumjue hajawahi kuacha kazi katikati. Nguo zako zilikuwa zifuliwe zote, zikauke, zigawiwe, ndipo Goreth avuliwe kitambaa cheusi na nyumba itoke kwenye msiba. Mashati yalifuliwa. Suruali za kazi zilifuliwa, maji yakawa mekundu kwa ule udongo wako wa uwanjani, na Goreth akageuka asione yakimwagwa. Kisha Verdiane akapangusa mikono.

"Mama Elvire, bado ule mfuko," alisema. "Matanga hayaondolewi nusu."

Goreth aliingia gereji. Hakutoka. Povu la sabuni lilishuka kwenye beseni, akina mama wakaanza kutazamana.

Alikuwa ameketi sakafuni, mfuko uko magotini. Alijua kilichomo. Alijua pia kwamba akikataa, msiba utabaki juu yake na juu ya watoto, na maneno ya watu yatafuata. Lakini akikubali, basi atakuwa ameosha jasho lote kwa mikono yake mwenyewe, kwanza la wachezaji wako, sasa na lako. Na chini ya hayo yote kulikuwa na lile lililomla mwaka mzima. Alikudanganya mpaka dakika ya mwisho, nawe ukaenda ukimwamini.

Elvire alimfuata. Lazare na Verdiane walikuwa wamefika mlangoni, ndiyo maana tunajua yaliyosemwa. Unamjua binti yako, Kiswahili chetu anakielewa chote na majibu anatupa kwa Kiingereza.

"He knew, Mama," alisema. "I showed him."

Mchana mmoja, mama yake akiwa kazini, ulimpigia Elvire mwenyewe. Uliomba rafu, naye hakuwa amefundishwa uongo wa dari na taa, akaigeuza simu. Alisema ulitazama muda mrefu, mpaka akadhani mtandao umeganda. Halafu ulimwapisha. Maneno yako aliyarudia kwa Kiswahili, jinsi ulivyoyasema, hakutia hata neno lake moja.

"Mwache mama yako. Angeviacha vile, ningejua hawapendi wanangu. Ila usimwambie kwamba nimeona. Akijua ataficha uso, na mimi humu nimebakiwa na uso wake tu."

Goreth aliinua uso kutoka kwenye mfuko. Kisha akauliza, "Mwaka mzima, Elvire?"

"I promised him, Mama."

Hapo ndipo mkeo alipolia, na kisifikiriwe kuwa kilikuwa kilio cha faraja. Kumbe siku zenu za mwisho mlizimaliza mkifichana. Yeye anacheka kwenye simu ili usijue, nawe unacheka ili asijue kwamba unajua, na muda ukaisha. Mngeweza kulizungumza. Ungeweza hata kununa kidogo. Hilo haliwezi kurekebishwa tena, na anayesoma hapa asitufariji kwa kutuambia linaweza.

Aliuchana mfuko kwa meno. Ndani mlikuwa na mkanda, ndala, simu iliyokufa, na jezi. Kola ilikuwa na jasho lililokauka. Kifuani lilikuwepo doa la chai, limekuwa kahawia. Goreth aliisogeza jezi puani, akakaa nayo hivyo, na Lazare akaondoka mlangoni kwa sababu hakuweza kutazama.

Alipotoka uani alikuwa ameikunja mikononi. Verdiane akanyoosha mikono yake yenye povu kuipokea.

"Hii haifuliwi," Goreth alisema.

Verdiane alimtazama. Akaitazama jezi, kifungo kimoja kimening'inia, jina la mtu tusiyemjua mgongoni. Tulidhani atabisha, maana ni haki yake. Badala yake aliinama, akaliinamisha beseni, akayamwaga maji yote kwenye nyasi. Kisha akamfungua Goreth kitambaa cheusi kwa mikono yake mwenyewe, akasema matanga yameondoka.

Jezi yako sasa iko juu ya rafu, katikati ya mipira ile myeupe. Elvire alitafuta kikadi kitupu kwenye droo yako, akamuuliza mama yake aandike nini. Goreth alimtajia neno kwa neno, nasi tulisimama nyuma yao tukisoma: Jezi. Ilivaliwa na Méthode Habonimana. Doa ni chai ya nyumbani. Shahidi ni Goreth.

Tunaokukumbuka ni mkeo Goreth, wanao Elvire na Révérien, mdogo wako Lazare na jamaa yake yote ya Minto, Verdiane na akina mama wa jumuiya, na Rufus kwa niaba ya wenzako wa uwanjani, ambao wanasema mistari ya chokaa siku hizi haijanyooka.

Daima tutakukumbuka vile ulivyokuwa, Méthode, bila kukupangusa.