Mume wangu amemwambia mgeni asiloniambia mimi

Mama Julienne mpendwa, nakuomba msaada, na kabla sijaanza nakuruhusu kutaja majina yetu gazetini, kwa sababu hapa mtaani kwetu Butembo kuyaficha hakuna maana, hakuna nyumba nyingine ambamo baba wa familia anatolewa nje kuota jua juu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, kama gunia la viazi, hata watoto wa jirani wameshazoea kumsalimia akiwa huko juu.

Mimi ni Virginie, na mume wangu ni Salomon, baba wa binti yetu Elikia na mdogo wake Jordy. Zamani tulikaa Mbau na yeye alikuwa fundi wa redio, kazi ya kukaa mezani, na ilikuwa bahati, kwa sababu miguu ilianza kumwacha yeye wakati Elikia bado ananyonya, ukamwona mume wangu anainuka kutoka chini kwa kujipanda mwenyewe, mikono juu ya magoti, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayepanda mti, halafu mashavu ya miguu yakawa manene lakini hayana nguvu, halafu mabega, halafu mgongo. Majirani walisema ni karuho, ile sumu ya kuua polepole, wakatutajia na mtu aliyemtilia, lakini daktari alisema ni ugonjwa wa misuli, wao wanauita miopati, haina dawa ya kuimaliza, na akauliza kama kuna mwingine katika ukoo, tukamwambia ndiyo, kaka yake mkubwa alianza hivyo hivyo mpaka akafa.

Mwishoni mwa mwaka 2002 vita vilipotufikia tulikimbia, Salomon juu ya chukudu, mdogo wake Kadogo akisukuma nyuma, watoto wakitangulia na sufuria, na mimi natembea ubavuni nimemzungushia mkono kifuani na kumkaza, kwa sababu mgongo wake hausimami wenyewe na chukudu haina pa kuegemea. Nilimshika hivyo mpaka Beni, na Beni nako kulipochafuka nikamshika hivyo mpaka Butembo, na kwenye kupanda kilima karibu na Maboya, Kadogo amechoka na watu wanatupita, Salomon akaniambia, «Mama Elikia, uniache hapa.» Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza, na jambo hilo hatujalisema tena hata siku moja.

Sasa nakuja kwenye shida yangu. Ofisi moja ya afya ya kanisa inatuma watu wazungukie nyumba zenye watu wazima wenye ugonjwa huu, wawaulize wanaishi vipi, na kwetu alikuja muuguzi anayeitwa Henri, mtu wa Kisangani, mpole, anavua viatu mlangoni. Nilimpa kiti, nikakaa karibu na mume wangu, akaanza kuuliza na mimi nikajibu kama ninavyojibu siku zote, anakula vizuri, anapumua vizuri, analala vizuri, tunamshukuru Mungu. Kweli siku hizi namlaza kama ameketi, nimemwegemeza kwenye mifuko ya nguo, na asubuhi anaamka kichwa kinamuuma, lakini hayo ni mambo ya kumwambia mgeni? Na katika vita hivi mtu akija kutoka ofisini anauliza uliza, unajuaje anachotafuta? Mara Henri akaweka kalamu chini akasema, «Asante sana, mama, lakini nataka kumusikia yeye. Njo yeye mwenye ugonjwa», yaani mgonjwa ajibu mwenyewe. Nikamjibu kwamba mimi na mume wangu ni mutu moja. Ndipo Salomon akasema kwa ile sauti yake ndogo, «Mama Elikia, toka kidogo.»

Mama Julienne, nilitoka. Nilikaa uani natwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga, nikawasikia wanacheka, mume wangu ambaye sikumbuki alicheka lini, halafu kicheko kikaisha na nikasikia sauti yake peke yake, muda mrefu, maneno sikuyashika kwa sababu nilikuwa na aibu ya kuacha kutwanga. Henri alipotoka alinipa mikono yote miwili akasema atarudi wiki ijayo, kwa sababu Salomon alichoka kabla maswali hayajaisha. Nikaingia nikamuuliza alimwambia nini.

«Bya kweli.»

«Bya kweli gani?»

«Byenye sikukuambia weye», yaani mambo ambayo hajawahi kuniambia mimi.

Basi kuanzia siku ile nyumba imebadilika. Nilipomletea bugali nikamkatia tonge kama kawaida, aligeuza kichwa akasema nisimlishe, niweke ubao juu ya mapaja na kiwiko chake juu ya ubao, akaanza kushusha mdomo kuufuata mkono, matonge mengine yakaanguka, Jordy akacheka kisha akaona uso wangu akaacha, na mimi nikatoka nje nikalia. Halafu akamwita fundi seremala Maliro, bila kuniuliza, akamwagiza agongomelee kiegemeo kwenye chukudu na atie mkanda wa mpira wa tairi. Nilipomuuliza ni kwa ajili gani alisema tu, «Ni ya safari.» Dada yake Léa yuko Oicha na alishasema mara nyingi kwamba kwake kuna nafasi, kwa hiyo naona amechoka na mimi, na hilo ndilo alilomwambia Henri, na labda hata tangu Maboya alikuwa ananichoka. Mama yangu mzazi anasema Henri akirudi nisimfungulie: «Bya nyumba bibakie mu nyumba.» Nami karibu nimfuate, kwa sababu kama mgeni akija mara moja mume wangu ananikataa mkono, akija mara ya pili si atabebwa kabisa?

Nifunge mlango, au nimfungulie nimpoteze mume wangu?

Virginie, Butembo

*

Mama Virginie,

Umembeba mume wako kutoka Mbau mpaka Butembo, katika miezi ambayo wenye miguu mizima walishindwa kufika. Nimekaa kwenye barabara hiyo kikazi, najua kilivyo kile kilima. Kazi hiyo ni yako na Henri hawezi kukunyang'anya. Nimeanza na hilo kwa sababu sasa nitakugombeza.

Mgeni aliuliza kama Salomon analala vizuri, ukasema vizuri. Mimi umeniandikia kwamba analala ameketi na anaamka na maumivu ya kichwa. Umeniambia mimi, mtu usiyemjua kwa sura, jambo ulilomficha muuguzi aliyekaa mbele yako na viatu vyake mlangoni. Naelewa desturi: kwetu mtu huulizwa habari naye hujibu nzuri, hata kama nyumba inaungua. Naelewa pia woga wa watu wa ofisi. Lakini nimemuuliza daktari kuhusu hayo mawili, kulala ameketi na kichwa cha asubuhi, na amenijibu kwamba kwa mgonjwa wa misuli hiyo ni dalili kwamba usiku pumzi haitoshi. Jibu lako la adabu lingeweza kumgharimu maisha. Henri akirudi, hilo litasemwa kabla ya salamu kuisha, na utamwomba ampeleke Salomon kwa daktari asikilizwe kifua. Muulize pia kuhusu watoto wako, kwa kuwa ugonjwa huu hufuata ukoo. Na kwa sababu hiyo hiyo usimpeleke kwa hao wanaotapisha watu kuondoa karuho. Kaka yake alianza hivyo hivyo, umeandika mwenyewe. Sumu hairithiwi.

Sasa hilo linalokuliza. Nimekwenda kwenye ofisi hiyo. Nilipouliza majibu ya Salomon walikataa, na walifanya vema. Wangenipa, ningekushauri umfungie Henri mlango na kufuli. Lakini maswali si siri, wanamuuliza kila mtu yale yale, na wamenieleza. Wanauliza ni nani anakuinua. Wanauliza unapumuaje ukilala chali. Wanauliza ni kitu gani bado unaweza kukifanya mwenyewe, ila watu wanakuwahi kukufanyia. Na kwa ajili ya huku kwetu wameongeza moja: mlipokimbia vita ulisafiri vipi, na nini kilikuumiza njiani.

Yasome tena hayo mawili ya mwisho, kisha itazame nyumba yako.

Mume wako alikuwa fundi wa redio. Miaka yote ile, mabega yakiwa yamelegea, alifanya kazi viwiko vikiwa juu ya meza. Anajua kuliko wewe na mimi mkono wake unafika wapi ukipata pa kuegemea. Wewe ulimlisha kwa mapenzi, na pia, tuseme ukweli, kwa sababu ni haraka zaidi. Akaulizwa, kwa mara ya kwanza, anaweza nini. Akakumbuka kwamba anaweza kula. Ulitoka nje ukalia, Mama Virginie, siku ambayo mume wako alijilisha mwenyewe. Kesho mpe ubao huo bila kuombwa, umwambie Jordy akae karibu na baba yake. Bugali ulioanguka unafagiliwa.

Na chukudu. Unasema anakwenda kwa Léa. Katika barua yako yote sijaona mahali ambapo Salomon amemtumia Léa neno, wala sijaona mtu mwenye akili akijiandaa kurudi upande wa Oicha, kule mlikokimbia vita, katika siku hizi. Ninachokiona ni hiki. Ulimzungushia mkono kifuani ukamkaza, njia nzima. Kifua ambacho misuli yake imechoka, mtu ambaye pumzi haimtoshi. Jibu lake silijui, ila swali nalijua, na ningeshangaa sana kama mkono ule haukumuumiza. Sasa niambie, angekuambiaje? Angemwambiaje mwanamke aliyemwokoa kwamba mkono uliomwokoa ulikuwa unamkata pumzi? Amelibeba hilo tangu Mbau. Alingoja mtu ambaye hakumbeba, ndipo akalisema.

Mama yako anasema ya nyumbani yabaki nyumbani. Mheshimu, lakini mwambie kwamba hili halikuwa la nyumbani, maana nyumbani halikuwahi kusemwa.

Kule Maboya alikwambia umwache. Kukataa kumwacha, ulifanya vema. Kutomuuliza tena mpaka leo, hapana, hukufanya vema, kwa sababu umebaki na maneno yale kana kwamba ndiyo yake ya mwisho. Siyo. Mtu anayetaka kuachwa njiani hamwiti seremala. Haagizi kiegemeo, wala mkanda. Salomon anajua kama sisi sote kwamba huenda mkakimbia tena, na «safari» anayoisema, kwa jinsi ninavyoisoma, ni hiyo. Anaitengeneza chukudu ili aende nanyi, na safari hii mikono yako iwe huru kuwashika watoto.

Kwa hiyo mlango utafunguliwa. Henri akija mpe kiti, mweleze ile habari ya usingizi na kichwa, kisha utoke kabla hujaambiwa. Twanga sombe yako, na wakicheka waache wacheke. Akiondoka, usimuulize mume wako alisema nini. Muulize wewe maswali yale yale, moja moja, na kila moja ulingojee, hata kama sauti yake inachelewa. Usimsaidie kumaliza sentensi. Akikwambia jambo linalouma, usimwambie anyamaze. Ulishamwambia hivyo mara moja, na umeona limetoka kupitia mlango gani.

Maliro akishamaliza kazi, usingoje milio ya risasi ndipo mjue kama kiti kinafaa. Mkiwa na amani, mchana, mtoeni Salomon uani, mumketishe juu yake, Kadogo ashike mpini. Funga mkanda wewe mwenyewe. Muulize kama unabana, na kama anasema unabana, ulegeze.