Mtani Wangu wa Nzuguni

Jumatatu, 14 Julai
Suruali za shule, gauni moja la harusi. Upepo umejaza vumbi kwenye cherehani, Majengo nzima inakohoa. Mchana nikavua tepu shingoni, nikavaa magwanda nyuma ya pazia, nikaenda lindo. Siku nne fundi, siku mbili mgambo. Nimechoka kote kuwili.

Jumanne, 15 Julai
Tumeitwa. Operesheni Nzuguni, Jumatatu ijayo: kubomoa nyumba zote zilizo kwenye hifadhi ya barabara. Mkuu wa kikosi kasema atakayevujisha avue sare siku hiyohiyo.
Mama Nyemo, mtani wangu, yumo. Ile X nyekundu iko ukutani kwake tangu mumewe yu hai. Hakuna aliyekuja, watu wakaizoea.

Jumatano, 16 Julai
Nimekwenda kwake, liwalo na liwe. Nimemwambia ang'oe mabati, milango na madirisha kabla ya Jumatatu. Kacheka mpaka kashika kiuno. "Mnyamwezi we! Mabati yangu ukaezekee mizinga yako ya nyuki Tabora?"
Yeye Mgogo, mimi Mnyamwezi, makabila ya watani. Miaka yote hii hatujawahi kuambiana neno la maana. Kwenye mazishi ya mumewe nilijilaza kaburini, nikagoma kutoka mpaka wafiwa wanipe jogoo. Mwaka jana nilimtangazia kwamba serikali inakusanya mbuzi wa Wagogo wote. Leo aniamini kwa lipi?

Ijumaa, 18 Julai
Nimerudi na magwanda. Nilidhani sare itamaliza utani. Hajawahi kuniona nayo, huwa nabadilishia dukani kwa aibu. Kaita majirani: "Njooni muone, mtani kaazima nguo za mgambo!" Wakashika mbavu. Nikaapa kwa Mungu. Kasema leo nimepania. Nikalia, machozi kabisa. Wakanipigia makofi.

Jumapili, 20 Julai
Nimemfuata binti yake, Nyemo, chuoni Chimwaga. Hakucheka. Kampigia mama yake mbele yangu, kaweka spika. Mama kajibu: "Hata wewe kakuingiza mjini?"
Nyemo akaniangalia. Naye akaanza kutabasamu.
Nimewaza kupanda paa mwenyewe niyang'oe mabati. Ningeitwa mwizi. Nimewaza pia kutokwenda kesho. Mkuu angempanga mwingine, mwenye mkono mzito kuliko mimi. Au najidanganya. Naogopa tu kufukuzwa.

Jumatatu, 21 Julai
Tumefika asubuhi. Aliniona kwenye mstari akaniuliza, mbele ya mkuu, kama leo nimefuata wale mbuzi. Kisha tingatinga likawashwa.
Nilimwona anavyoelewa. Aliitazama mashine, akanitazama mimi, bado mdomo uko wazi kwa kicheko. Akakimbilia mlangoni. Mimi ndiye niliyepangiwa kumshika. Nilimshika. Mwepesi, sikutegemea. Mabati yamekunjamana yote, hata moja la kuokota hakuna. Kabati la vyombo lilikuwa ndani.
Mkuu kaniuliza mbuzi gani. Nimemwambia sijui.

Jumanne, 22 Julai
Sijashona. Najichukia.

Ijumaa, 25 Julai
Lindo stendi. Mkuu kanisifu mbele ya wenzangu, eti nilimdhibiti yule mama bila kumuumiza. Wenzangu wakaitikia. Nilitaka ardhi inimeze.

Jumamosi, 2 Agosti
Mama Nyemo yuko kwa dada yake, chumba kimoja. Leo kaja dukani kuchukua gauni lake la kitenge nililomshonea. Nilishajiandaa kutukanwa. Nilitaka anitukane. Alipoulizia gauni tu nikaanza mimi utani, nikamwambia Wagogo hawavai, wanajifunika tu. Akasubiri nimalize. Akalijaribu gauni nyuma ya pazia, akasema limemkaa vizuri.
"Asante, afande," akasema, akatoka.
Nimefagia vipande vya vitambaa. Nimefunga duka.