Maua Juu ya Mlango wa Shangazi

Shikamoo Mama,

Natumaini homa ya mdogo wangu imekwisha. Hapa Muhima mvua hunyesha kila alasiri, na wateja wa Shangazi hujikinga mlangoni pa duka. Ndiyo maana aliagiza paa dogo la kioo lenye maua meupe, ya rangi inayochomwa tanuruni mpaka ishikane na kioo. Alitaka maua yatazame chini, wateja wayaone.

Fundi wa vioo alikataa. "Mama, hii rangi ya kuchoma iko inaondoa nguvu ya kioo."

"Maua yavunje kioo? Wewe fundi, unanichekesha!"

Fundi akachukua vipande viwili vya mabaki ya kioo chenye maua, akavilaza kama madaraja juu ya mbao mbili, kimoja maua juu, kingine maua chini, akaanza kupanga matofali juu ya kila kimoja. Cha maua chini kilipasuka kwanza, na ufa ulianzia kwenye ua. Alinieleza kwamba uzito ukikandamiza kioo, upande wa chini huvutika, na hapo ndipo rangi haitakiwi.

Shangazi aliyaondoa matofali. Kisha akakiinua kile kilichobaki kizima, maua yakiwa juu, akachungulia kutoka chini.

"Mbona nayaona? Weka hivi hivi, basi. Na unene uongeze."

Jana ilinyesha mvua ya mawe. Wateja walijaa chini ya maua, nami nilikuwa katikati yao, nikitazama juu. Hakuna kilichopasuka.

Mwambie Baba nataka kuendelea na fizikia.

Nawakumbuka nyote,
Mwanao Imakulata